Umechaguliwa Mhariri wa Kijarida cha Wasanii wa Chapa? Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kijarida cha kikundi cha wasanii wa chapa, yaani picha zinazochapwa kwa wino kutoka kwenye kibao, bamba au skrini, hakifi kwa kukosa fedha. Hufa kwa sababu mhariri aliandika kwenye grupu "leteni makala", akasubiri, hazikuja, akaandika tena kwa herufi kubwa, kisha akanyamaza. Toleo la kwanza linatoka kwa vifijo, la pili linachelewa miezi miwili, la tatu hakuna anayelitaja. Maswali ninayoletewa kuhusu kazi hii yanafanana mno, basi nayajibu yote hapa.

Nitatumia mfano wa kikundi chenye wanachama kama hamsini waliotawanyika pwani: Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga, Unguja na wachache Mombasa. Wengi wanachonga lino (utandiko laini wa sakafu) na mbao, wengine wanafanya etchingi, yaani mchoro unaoliwa na asidi, kwenye mabamba ya zinki, wengine skrini, yaani kupitisha wino kwenye kitambaa chembamba kilichokazwa. Kijarida kina kurasa nane za ndani za ukubwa wa A5 pamoja na jalada, kinatoka mara nne kwa mwaka, nakala 60 za karatasi na faili moja la PDF. Kama mko Kampala au Lubumbashi, badilisheni namba tu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu yenye kamera nzuri. Skana ya A4 ni ziada, si lazima.
- Kompyuta, hata ya zamani. LibreOffice inatosha kwa kuanzia. Scribus ni bure na inapanga kurasa vizuri zaidi ukishaizoea. GIMP ni ya kusafisha picha.
- Barua pepe ya kikundi, si yako binafsi. Nywila yake aijue na katibu.
- Daftari la wanachama: jina kama msanii mwenyewe anavyoliandika, mji, namba ya simu, aina ya chapa anayofanya.
- Stesheneri moja unayoiamini, yenye mashine inayoprinti pande mbili.
- Karatasi: nakala 60 zinataka karatasi 2 za A4 kila moja, yaani 120. Weka 20 za kuharibika. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo itakufikisha toleo la tatu. Jalada linataka karatasi nzito ya gramu 160 hadi 200, vipande 70.
- Sindano nene, uzi imara, na kitu chenye ncha cha kutobolea.
- Bajeti iliyoandikwa na kupitishwa.

Hiyo ya mwisho wahariri wengi huiruka. Unajitolea muda wako na macho yako. Pochi haimo kwenye makubaliano. Mhariri anayelipia fotokopi mara ya kwanza kwa moyo mzuri, mara ya tatu analipia kwa kinyongo, mara ya nne simu yake haipatikani.

## Hatua ya 1: Kubaliana na uongozi kwa maandishi

Ukurasa mmoja unatosha. Uandike mambo haya: utashika kazi kwa muda gani (mwaka mmoja, matoleo manne, ndiyo kipimo kizuri), nani anatoa pesa na lini, nani ana haki ya kusoma kabla ya kuchapwa, na uamuzi wa mwisho wa nini kiingie au kibaki nje ni wa nani.

Anayepitisha awe mtu mmoja, kwa kawaida katibu, na apewe saa 48. Akinyamaza, kimya chake kihesabiwe ni ndiyo. Kamati nzima ikianza kupitisha ukurasa kwa ukurasa, mwenyekiti atataka picha yake iwe kubwa, mweka hazina atataka jina lake litajwe, na tarehe ya maonyesho itapita mkiwa bado mnajadili tahariri.

Jambo moja la kisheria liulizwe mapema. Kwa Tanzania, magazeti na majarida ya karatasi yako chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Kama mnafikiria kukiuza au kukisambaza nje ya wanachama, katibu aulize kwanza Idara ya Habari Maelezo. Wa Kenya na kwingineko nao waulize ofisi husika. Ni heri kuuliza kuliko kuitwa.

Hatua hii imekamilika pale karatasi inapokuwa na sahihi mbili, yako na ya kiongozi, na picha yake ipo kwenye simu zote mbili.

## Hatua ya 2: Panga kalenda kwa kuhesabu kinyumenyume

Anza na siku ambayo kijarida kitakuwa mkononi mwa mtu, urudi nyuma. Tuseme toleo la Juni linatoka tarehe 1 Juni:

- 15 Aprili: unaanza kuuliza watu maswali
- 4 Mei: habari za mwisho
- 8 Mei: picha za mwisho, na kibao cha kuchapia jalada kwa mkono kimekufikia
- 15 Mei: majalada yamechapwa, yanakauka
- 18 Mei: kurasa zimepangwa
- 22 Mei: prufu (nakala ya majaribio) imesomwa
- 26 Mei: fotokopi na kushona
- 1 Juni: usambazaji

Jalada limepewa muda mrefu kwa sababu wino wa mafuta hauna haraka na mtu. Mei pwani ni masika. Hewa imejaa maji, na wino ambao Januari unakauka upesi, msimu huo unaweza kukaa wiki nzima bado unanata.

Matukio nayo yana hesabu yake. Toleo la Juni litangaze mambo ya kuanzia 1 Juni hadi mwisho wa Agosti tu. Maonyesho ya Nafasi Art Space au ya Makumbusho ya Taifa yatakayofungwa Mei 28 hayatangazwi tena. Yakiwa na maana, yanaandikwa kama taarifa ya kilichotokea. Msomaji akikuta matangazo mawili yaliyokwisha kupita, la tatu hatalisoma.

## Hatua ya 3: Gawa kurasa kabla hujapata hata neno moja

Chukua karatasi mbili za A4, zikunje katikati, ziingize moja ndani ya nyingine. Umepata kurasa nane. Ziandike namba kwa penseli, kisha kila ukurasa uupe kazi yake. Mgao unaofanya kazi ni huu:

Ukurasa wa 1, tahariri fupi na yaliyomo. Wa 2 na 3, mahojiano na mwanachama mmoja. Wa 4 na 5, ambazo ziko wazi katikati, picha kubwa za chapa mpya. Wa 6, ufundi: mapishi ya wino, namna ya kunoa patasi, wapi lino inapatikana. Wa 7, matukio na nafasi za mafunzo. Wa 8, habari za wanachama: aliyeoa, aliyefiwa, aliyeuza kazi, anayeuza mashine.

Usidharau huo wa 8. Ndio unaosomwa kwanza.

Ukurasa wa ufundi ndio unaowafanya watu watunze kijarida badala ya kufungia maandazi. Kama mna mwanachama aliyepitia karakana ya Nyumba ya Sanaa, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1972 na ambako kina Robino Ntila na George Lilanga walifanya etchingi, muulize jinsi walivyoandaa bamba, asidi waliipima vipi, mashine ilikuwa ya aina gani. Mambo hayo mengi hayajaandikwa kwa Kiswahili popote.

## Hatua ya 4: Usiombe makala, uliza maswali

Hapa ndipo wengi huangukia, basi twende polepole.

Msanii wa chapa anaweza kuchonga nywele za mwanamke mmoja mmoja kwa siku tatu bila kuchoka. Mwambie aandike maneno mia tatu, atakwambia "nitakuletea Ijumaa", na Ijumaa hiyo haijulikani ya mwaka gani. Si mvivu. Ukurasa mweupe si kazi yake, ni kazi yako.

Kwa hiyo mtumie mtu mmoja mmoja maswali matatu, mahususi, kuhusu kitu ulichokiona kwa macho yako, na umruhusu ajibu kwa sauti. Kwa mzee, ujumbe uwe hivi:

"Shikamoo Mzee. Ni mimi mhariri wa kijarida. Jumamosi nimeiona ile chapa yako mpya ya mbao. Naomba unijibu kwa sauti tu, hata dakika tatu zatosha. Moja, ubao ni wa mti gani na umeupata wapi? Mbili, sehemu ipi ilikusumbua kuchonga? Tatu, umetumia wino gani? Nitaandika mwenyewe, kisha nikuletee usome kabla haijachapwa. Ahsante Mzee."

Kwa rika lako, "Mambo kaka" au "Habari ya kazi dada" inatosha, lakini maswali yabaki vilevile: matatu, na yasijibike kwa ndiyo au hapana. Asiyejibu ujumbe apigiwe simu jioni baada ya magharibi, si saa za kazi.

Sauti itakayorudi itakuwa kama hivi:

"Aa, ule mwanzoni ulikuwa plaiwudi, si unajua, ikawa inachanika pembeni kila nikipita na patasi ndogo, nikasema aa, hapana, nikaenda kwa fundi seremala pale, akanipa kipande cha mwembe, ule ukatulia, siku mbili nimemaliza."

Mhariri mgeni ataigeuza hivi: "Msanii huyo mahiri alibainisha kuwa alikumbana na changamoto mbalimbali za malighafi kabla ya kufanikisha kazi yake." Plaiwudi imepotea, patasi imepotea, mwembe umepotea. Kilichobaki kingeweza kuwa habari ya mfugaji wa kuku.

Andika hivi: "Plaiwudi ilichanika kila alipopitisha patasi ndogo pembeni ya mstari. Fundi seremala wa jirani akampa kipande cha mwembe, nao ukatulia. Siku mbili akawa amemaliza." Maneno yamepungua, na vitu vyote alivyovitaja vipo.

Tahadhari: ahadi ya kumrudishia asome itimize. Msanii akikuta amenukuliwa maneno ambayo hakuyasema, hutapata sauti yake tena, wala ya rafiki zake.

Kama ifikapo 4 Mei una sauti tano au sita kwenye simu na umeshaandika angalau tatu kati yake, toleo lipo. Kama una ahadi kumi na sauti moja, punguza kurasa ziwe nne. Chapa kurasa nne kwa wakati; nane zilizochelewa hazimsaidii mtu.

## Hatua ya 5: Pata picha zinazofaa kuchapwa

Picha ya chapa si picha ya harusi. Watumie wanachama maelekezo haya, kisha uyarudie kila toleo kwa sababu watasahau:

1. Ibandike chapa ukutani mahali penye kivuli chenye mwanga wa kutosha, kama barazani saa 3 asubuhi. Jua la moja kwa moja na flashi hufanya wino mweusi ung'ae na kuonekana kijivu.
2. Simu iwe sambamba na chapa, usawa wa katikati yake. Ukiona upande wa juu ni mwembamba kuliko wa chini, umeinamisha simu.
3. Piga karatasi nzima, pamoja na ukingo mweupe wenye sahihi na namba. Usikate chochote.
4. Itume kama faili la hati, si kama picha ya kawaida. WhatsApp hubana picha za kawaida. Kwenye simu itaonekana safi, kwenye karatasi itakuwa kama imepigwa kwenye moshi.

Ukipokea faili, pima. Picha ya kuchapwa kwa ubora hutaka pikseli 300 kwa kila inchi, na inchi ni sm 2.54. Picha ya upana wa sm 12, ambao unajaza ukurasa wa A5 ukiacha ukingo, inataka pikseli kama 1,420 kwa upana. Ikiwa na 600, ichapwe ndogo au iombwe upya. Kuivuta kwenye kompyuta hakuongezi kilichokosekana.

Lipo kosa ambalo hutalikuta kwenye vijarida vya watu wengine. Mwanachama anaweza kukutumia picha ya kibao chenyewe badala ya chapa. Kibao kilichokwisha kupakwa wino hudanganya jicho, na kila kitu juu yake kimegeuka: mkono wa kulia uko kushoto, maandishi yanasomeka kinyume. Angalia kama kuna sahihi ya penseli chini. Kibao hakina sahihi. Na kwa hali yoyote usigeuze picha kwenye kompyuta ili mtu atazame upande unaopendeza ukurasa. Msanii alishaugeuza mchoro mara moja makusudi alipochonga.

## Hatua ya 6: Maelezo ya picha na ruhusa

Mpangilio uwe mmoja kwa picha zote:

*Jina la msanii, Jina la kazi, aina ya chapa, mwaka, kimo × upana kwa sentimita, namba ya nakala.*

Kimo hutangulia upana. Vipimo viwe vya mchoro, si vya karatasi. Namba ya nakala iandikwe kama ilivyo kwenye ukingo, kwa mfano 4/20, maana yake nakala ya nne kati ya ishirini. Jina la kazi liachwe kama msanii alivyoliandika, hata kama ni la Kimakonde au Kidigo. Usilitafsiri kwa niaba yake.

Mtu atauliza, haya yote ya nini kwenye kijarida cha sisi wenyewe? Kwa sababu mnunuzi akisoma "chapa, sm 40" hajui kama zimebaki nakala kumi na tisa au hakuna. Na kuna mbinu ambazo haziruhusu kurudia. Fred Mutebi wa Uganda anajulikana kwa chapa za mbao za rangi nyingi zinazotoka kwenye ubao mmoja: unachonga, unachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, unachonga tena, unachapa ya pili. Ikifika rangi ya mwisho, ubao wa mwanzo haupo tena. Ukikosea idadi kwenye kazi ya namna hiyo, umetangaza bidhaa isiyoweza kutengenezwa.

Ruhusa ombeni kwa maandishi, hata ujumbe mfupi: "Naruhusu picha hii itumike kwenye kijarida, karatasi na PDF, toleo la Juni." Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001 zote zinampa msanii haki juu ya nakala za kazi yake na haki ya kutajwa jina. Kununua chapa hakumpi mnunuzi haki ya kuichapisha, kwa hiyo ruhusa ya mwenye nyumba iliyotundikwa chapa haitoshi. Na aliyepiga picha naye atajwe.

Namba za simu za watu zisichapwe bila wao kukubali. Wanaouza kazi hupenda. Wengine hawapendi kabisa.

## Hatua ya 7: Panga kurasa

Herufi ziwe za aina mbili tu: moja ya vichwa, moja ya maandishi. Maandishi yasiwe chini ya pointi 10. Wasomaji wenu wengine wamechonga lino miaka thelathini kwenye mwanga hafifu na macho yamechoka.

Picha zipewe hewa. Usimwage maandishi juu ya chapa, usiweke fremu ya maua, usiweke rangi nyuma yake. Chapa nzuri nyeusi na nyeupe kwenye ukurasa mweupe haihitaji msaada wako.

Ukingo wa ndani, upande wa mkunjo, uwe angalau sm 1.5, la sivyo maneno yataingia kwenye uzi. Ukimaliza, toa PDF yenye fonti ndani yake, maana kompyuta ya stesheneri haina fonti yako na itaweka inayoipenda yenyewe.

## Hatua ya 8: Soma prufu kwenye karatasi

Printi nakala moja, kaa mbali na kompyuta, soma kwa sauti. Kisha mpe mtu ambaye hakuandika chochote. Mnachotafuta zaidi si herufi zilizokosewa. Ni hivi:

Majina. Linganisha kila jina na daftari. Msanii atasamehe koma. Jina lake hatasamehe.

Siku na tarehe. "Jumamosi tarehe 14" iangaliwe kwenye kalenda kama kweli 14 ni Jumamosi.

Saa. Wa Tanga akisoma "saa 4" anaelewa asubuhi jua limepanda. Wa Mombasa aliyezoea kuandikiana na ofisi za Nairobi anaweza kudhani ni alasiri. Andika "saa 4 asubuhi (10:00)" kila mahali. Ni maneno machache yanayookoa safari ya mtu.

Pesa. "Sh 5,000" haitoshi kwa kikundi chenye watu wa nchi mbili. Tofauti ya shilingi hizo ni zaidi ya mara kumi. Andika TSh au KSh.

Simu. Piga kila namba iliyochapwa. Zote.

Prufu imekwisha pale msomaji wa pili anapokurudishia karatasi yenye alama, si anapokwambia "iko poa".

## Hatua ya 9: Jalada la kuchapwa kwa mkono

Kikundi cha wachapaji kinachotoa kijarida chenye jalada la fotokopi ni kama nyumba ya fundi seremala isiyo na kiti. Kila toleo apewe mwanachama mmoja jalada: kibao cha lino cha sm 12 kwa 15, nakala 60, wino wa rangi moja. Mwambie toleo moja kabla.

Utaratibu una mpangilio usiobadilika: mashine kwanza, mkono baadaye. Jina la kijarida, namba ya toleo na mwezi vinaprintiwa stesheneri kwenye karatasi nzito, mahali pa mchoro pakiachwa wazi. Kisha ndipo lino ichapwe. Ukianza na lino halafu ukapitisha karatasi kwenye mashine ya leza, joto na roli zitaung'oa wino uliokauka nusu, utapaka nakala zote zinazofuata, na mwenye stesheneri hatakusahau.

Kama msanii anataka maneno ndani ya mchoro, ayachonge kinyume. Njia rahisi ni kuandika kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, kuigeuza kifudifudi juu ya lino na kusugua mgongoni. Penseli itahamia ikiwa imegeuka tayari. Kabla patasi haijagusa kitu, shika kibao mbele ya kioo. Kikisomeka sawa kiooni, endelea.

Kuchapa bila mashine kunawezekana vizuri. Tandaza wino mwembamba kwenye kioo kwa rola mpaka usikie sauti kama ya mafuta yanayokaangika kwa mbali. Sauti nzito ya kunata ina maana wino umezidi. Paka kibao, laza karatasi kwa kufuata alama mbili za pembeni ulizochora kwenye ubao wa meza, kisha sugua mgongoni kwa mgongo wa kijiko cha chuma, kwa miduara midogo, ukianzia katikati. Inua kona moja uchungulie kabla hujaibandua yote. Pakiwa na madoa meupe, irudishe ulipoishika na usugue tena hapo tu.

Anika kwenye kamba kwa vibanio, chini ya paa. Jaribu kwa kidole kwenye nakala mbovu, si kwenye nzuri. Wino wa maji hukauka siku hiyohiyo, lakini mkono wenye jasho au tone la mvua litauondoa. Kwa kijarida kitakachosafiri kwa basi, mimi napendelea wa mafuta.

Nakala zipewe namba kwa penseli, 1/60 hadi 60/60, na sahihi. Mkubaliane mapema kwa maandishi kwamba kibao ni mali ya msanii, na kwamba hatachapa tena mchoro huohuo kwa hesabu hiyo ya 60.

## Hatua ya 10: Fotokopi, kukunja, kushona

Kwenye mashine, chagua kuchapa kama kijitabu, pande mbili, karatasi igeuzwe kwa upande mfupi. Kagua kwa hesabu hii: kwa kijitabu cha kurasa nane, namba mbili zinazokaa ubavu kwa ubavu kwenye karatasi iliyofunuliwa lazima zijumlishwe zitoe 9. Nane na moja, mbili na saba, sita na tatu, nne na tano. Ukipata kumi mahali popote, simamisha.

Printi nakala moja tu kwanza. Tazama weusi wa picha: mashine iliyochoka hutoa mistari au ukungu kwenye sehemu pana nyeusi, na chapa za lino ni weusi mpana. Ikiwa hivyo, hamia stesheneri nyingine. Kuongeza giza kwenye kompyuta kutaziba mistari myembamba.

Stepla ya kawaida haifiki katikati, kwa hiyo shona. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka la kati, toka nje kwa la chini, rudi ndani kwa la kati. Funga ncha mbili juu ya uzi mrefu uliopita katikati. Watu wanne wakiwa na chai, nakala 60 zinaisha jioni moja.

## Hatua ya 11: Sambaza na kabidhi

Za Tanga na Bagamoyo zitumwe kwa basi kwa jina la mtu mmoja atakayezigawa, na namba ya basi itumwe kwake mara moja. Za Unguja zipande boti. Za Mombasa, pima: pengine ni rahisi zaidi kutuma PDF ya kurasa za ndani ziprintiwe kule, na majalada peke yake yasafiri na mwanachama anayekwenda. PDF itumwe kwa wote siku ileile, kwenye barua pepe na kwenye grupu, isizidi MB 5 ili isimmalizie mtu bando.

Nakala mbili za kila toleo zibaki kwenye bahasha ya kikundi, na moja ipelekwe maktaba ya mkoa wakikubali kuipokea.

Mhariri ajaye aachiwe folda moja yenye PDF za matoleo yote, faili la kurasa linaloweza kuhaririwa, fonti zilizotumika, picha asilia, ujumbe wa ruhusa, daftari la wanachama, nywila ya barua pepe, risiti, na orodha ya wasanii waliokwisha kufanya jalada ili asimrudie mtu wakati wengine wanasubiri zamu.